Nilimpimia mama wali kwa gramu, kasheshe lake usipime!

Hebu sema kweli, msomaji wangu. Umewahi kuweka sahani ya mzazi wako juu ya mizani, ukamchotea wali kijiko kimoja kimoja huku macho yako yako kwenye namba, naye amekaa mkekani anakuangalia? Kama hujawahi, kaa mkao wa kula nikupe mkasa. Na kama umewahi, pole, maana najua ulivyotazamwa siku hiyo.

Mambo yalianzia kliniki. Mama yangu mzazi, ambaye naishi naye Tabata, aligundulika ana kisukari, kile wanachokiita aina ya pili. Alikuwa anaamka usiku mara nne, mara tano, kwenda msalani, na mchana anakunywa maji kama kesho bomba litafungwa. Sisi tukadhani ni joto la Dar. Kumbe sukari. Akapewa vidonge, kisha tukapelekwa kwa dada wa lishe, akatueleza kwa upole habari za sahani: nusu mboga za majani, robo samaki au nyama au maharage, na robo iliyobaki ndiyo ugali, wali, ndizi au viazi. Halafu akaandika kwenye daftari la mama kiasi cha wanga kwa kila mlo, kwa gramu. Kiasi chenyewe sikiandiki hapa, maana ni cha mama yangu, kwa mwili wake na dawa zake. Mzazi wako aandikiwe cha kwake.

Gramu! Nyumbani kwetu vipimo vilikuwa upawa na jicho la mama. Bibi yangu alikuwa mtu wa kibaba na pishi, vibaba vinne ndiyo pishi moja, hesabu imekwisha. Sokoni sisi ni watu wa kisado, nyanya kwa fungu, dagaa kwa kopo. Sasa mimi nianze kusema, "Mama, wali wako leo gramu 180"? Lakini ugonjwa haujui aibu. Jumamosi nikadandia daladala hadi Kariakoo.

Duka lenyewe lilikuwa dogo, la vyombo, limebanwa kati ya mabeseni na majagi. Kijana wa dukani akanipokea kwa bashasha zote: "Dada'angu, hapa ndiyo mwisho wa matatizo." Akanipangia mizani tatu juu ya kaunta.

Ya kwanza ilikuwa kijimizani cha ukubwa wa kiganja, kinafunikwa kama kikokotoo, na kinasoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. "Hii wanatumia masonara, haikosei hata punje ya mchele," akasema. Nikavutiwa, nisiseme uongo. Nani hataki mizani ya sonara jikoni? Bahati nzuri nikaigeuza nyuma: mwisho wake gramu 500. Sahani yetu ya udongo, niliyokuja kuipima baadaye, ina gramu 540 kabla hujaweka hata jani moja la mchicha. Yaani kijimizani kile kingezimia chakula kingali sufuriani.

Na hapa pana changa la macho linalowapata wengi. Mizani hizi zina kitufe kilichoandikwa TARE. Unaweka sahani, unabonyeza, namba inarudi sifuri, ndipo unaweka chakula na kusoma uzito wa chakula peke yake. Raha tupu. Ila usidhani mizani imeisahau ile sahani. Haijasahau, sahani bado imeilalia mgongoni. Mizani ya kilo 5 ukiibebesha sufuria ya kilo 2, imebakiwa na nafasi ya kilo 3 tu, hata kama kioo kinakuonyesha sifuri inayong'aa.

Ya pili ilikuwa bapa, ya kioo, nyembamba kama daftari, inapendeza kuiangalia kuliko kuitumia. Vitufe vyake ni vya kugusa, na vidole vya mpishi vina unga na mafuta. Tena inatumia ile betri bapa ya mviringo kama sarafu, ambayo ukimuulizia Mangi wa mtaani kwetu anakutazama kama umemwomba mkopo. Nikaiacha.

Ya tatu ndiyo niliyoichukua: plastiki nyeupe, duara katikati pa kuwekea chombo, kioo cha namba kwa mbele, betri mbili za kawaida kama zile za saa ya ukutani. Mwisho wake kilo 5, inasoma gramu moja moja. Akataka elfu 18, nikampa elfu 13, nikaondoka najiona mjanja wa mji. Sikuuliza kingine chochote. Kumbuka hapo.

Nikusogezee kidogo udaku wa kitaalamu. Ndani ya mizani hizi hakuna springi. Kuna kipande cha chuma kinachopinda kidogo mno, jicho haliwezi kuona, na juu yake pamegandishwa kiwaya chembamba. Chuma kikipinda, kiwaya kinavutika, umeme unapita kwa taabu zaidi, na kompyuta ndogo inaigeuza taabu hiyo kuwa gramu. Ujanja huo wa kiwaya waliubuni Wamarekani wawili, Edward Simmons na Arthur Ruge, mwaka 1938, kila mtu kivyake. Ndiyo maana ukiiangusha au mtoto akiipanda, chuma kikipinda moja kwa moja, umebakiwa na pambo la jikoni.

Basi jioni nikapika wali, maharage na mchicha. Nikaweka mizani jikoni, juu ya kibaraza cha saruji kilicho chini ya dirisha, nikaweka sahani, TARE, nikaanza kuchota. Mama akaniangalia weee, mwisho akasema kwa sauti ya chini:

"Unanipimia chakula, mwanangu?"

Ukitaka kujua uzito wa maneno hayo lazima uwe umelelewa huku kwetu. Kupimiwa chakula ni neno la mtoto wa kambo. Ni neno la jela, na la bweni ambako mpishi anagonga upawa kwenye sahani yako kama anakufukuza. Mama huyu amelisha nusu ya mtaa. Mgeni akiingia na watoto watatu bila taarifa, anaongeza maji kwenye mchuzi na maisha yanaendelea. Leo anawekewa wali kama dhahabu.

Nikamjibu jibu la kijinga: "Si mimi mama, ni wa kliniki." Akala kimya. Hakuomba kuongezewa. Nilitamani aombe, tugombane, yaishe.

Wiki sita tukaenda hivyo. Mimi nikawa askari wa zamu. Nina daftari, nina kalamu, kila mlo naandika: wali 180, ugali kiasi fulani, kiazi hiki kiasi kile. Shosti zangu wakija naonyesha daftari kama cheti. Mama naye akazoea, au niseme akanyamaza, ambavyo si kitu kimoja.

Siku ya kurudi kliniki nilikwenda kifua mbele. Mara ya mwisho sukari yake ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa 8.9. Safari hii ikasoma 11.4. Nikasema mashine mbovu. Wakarudia, ileile. Dada wa lishe akaniuliza taratibu kama kweli huwa tunapima. Mimi! Mimi niliyeandika kila punje! Nikamwekea daftari mezani, akalifungua, akatikisa kichwa, akasema hesabu ziko vizuri. Daktari kuona hivyo akasema basi dawa haitoshi, akaongeza vidonge.

Kwenye daladala hatukuzungumza. Kichwani mwangu kulikuwa na jibu moja tu, na bahati mbaya tulipofika nyumbani nikaliokota: karatasi ya biskuti, imekunjwa, nyuma ya mto wa mama.

Ndugu msomaji, nilisema. Sikunong'ona, nilisema, tena mbele ya mtoto wa dada yangu. "Mama, unakula kwa kificho. Unanifanya mimi mjinga na unajiua mwenyewe."

Hakunijibu. Akavuta khanga yake, akajifunika, akageukia ukutani. Siku tatu shikamoo zangu zilijibiwa "marahaba" kavu, bila lile "mwanangu" lake la mwishoni. Kama hujawahi kunyimwa neno hilo huwezi kujua lina gramu ngapi.

Siku ya nne nilichelewa kurudi kazini. Sahani zilikuwa chafu zote, nikachukua bakuli dogo la uji, nikapimia wali humo. Gramu 180, kama kawaida. Lakini nilipoutazama nikaona mbona kidogo? Wali wa kila siku unajaza robo ya sahani na kumwagika mpaka kwenye mchicha. Huu ungejaa kwenye kikombe. Nikasema macho yangu yamechoka. Nikaosha ile sahani ya udongo, nikaiweka kwenye mizani, TARE, nikamimina wali uleule kutoka kwenye bakuli.

131.

Nikarudisha kwenye bakuli, 180. Nikarudisha kwenye sahani, 139. Mara ya tatu 124. Wali ni uleule, hakuna aliyeonja. Nikabaki mdomo wazi. Nikainama kama fundi bomba anayetafuta panapovuja, nikaangalia kwa pembeni, ndipo nikaona.

Sahani yetu ni pana. Ukiiweka katikati ya mizani inafunika kioo cha namba. Kwa hiyo kila siku, bila hata kufikiri, nilikuwa naisukuma nyuma kidogo ili nione. Na ukingo wake wa nyuma ulikuwa umelalia kingo ya dirisha. Dirisha ndilo lililokuwa linabeba sehemu ya wali wa mama, mizani inasoma mabaki. Nilipokuwa naandika 180 kwa mwandiko wangu mzuri, mama alikuwa anakula karibu 250.

Nisimsingizie wali peke yake. Sukari hupanda kwa mengi: homa, mawazo, dawa kurukwa. Lakini hizo gramu 70 za ziada zina kama gramu 20 za wanga, sawa na sukari ya vijiko vitano vya chai. Mchana na usiku, wiki sita. Tena mwenyewe wala hakuziomba.

Nilipiga hatua mbili kwenda chumbani kwake kumwomba radhi, nikasimama katikati. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Dawa ilikuwa imeongezwa! Imeongezwa kwa ajili ya mtu anayekula 180 na sukari haishuki, kumbe mtu huyo hayupo. Sasa nikianza leo kumpa 180 ya kweli, huku anameza vidonge vingi zaidi, sukari inaweza kuporomoka. Sukari ikishuka kupita kiasi mtu anatetemeka, anatoka jasho baridi, anachanganyikiwa, anaweza kuzimia, na wala haisubiri daladala. Usiku ule nilimpa sahani yake ya siku zote kama alivyozoea, na asubuhi mapema tulikuwa kliniki, mimi nikiwa na bakuli mkononi na uso chini. Daktari akarudisha dozi ya zamani, akasema tuanze upya na namba za kweli. Wewe mwenye mgonjwa wa vidonge au insulini nyumbani, usije ukampunguzia chakula kwa akili yako na mizani yako mpya. Waambie kwanza wanaompa dawa.

Radhi niliiomba kabla ya safari hiyo, alfajiri, nimepiga magoti kwenye mkeka. "Mama nisamehe, nilikusingizia. Mizani ilikuwa inaegemea dirisha." Ile karatasi ya biskuti mwenyewe alishajitokeza, ana miaka sita na alikuwa analala kwa bibi yake. Mama akakaa kimya muda mrefu, nikasikia mpaka jogoo wa jirani. Kisha akasema:

"Basi mwizi umempata. Mchukue dirisha ukampime sukari, mwanangu."

Mwanangu! Nikalia kama mtoto.

Tangu hapo kwenye habari za mizani nimekuwa kimeo, siuziwi mbuzi kwenye gunia. Juzi mshikaji wangu mmoja wa jimu, anayehesabu vidari vya kuku kama mhasibu, akaniomba nimsindikize Kariakoo akanunue ya kwake. Nilikwenda na zana: chupa ya maji, bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa, bila sindano yenyewe, na sahani ya nyumbani kwake ndani ya mfuko wa salfeti. Vijana wa dukani wakacheka, "Dada, umekuja kula?" Nikawaambia leteni mizani.

Sahani ndiyo ilianza. Iweke katikati, simama wima kama unavyosimama jikoni, je, namba unaziona? Kama huzioni, mizani hiyo ama utaitumia kwa bakuli tu, ama iache. Mbili zikaanguka hapo hapo. Zipo ambazo kioo chake kimetokeza mbele, au zimeinuliwa pa kuwekea chombo. Hizo ndizo za watu wenye masahani mapana kama sisi.

Kisha maji. Mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja, hilo halihitaji fundi. Kikombe juu ya mizani, TARE, bomba moja la mililita 20: isome 20. Mabomba kumi: isome 200. Ikipishana gramu moja au mbili usigombane nayo, hata mkono wako unatetemeka. Ikipishana kumi, asante kwa heri. Usidanganywe na namba zinazoruka gramu moja moja ukadhani huo ndio usahihi. Mtu anaweza kuongea haraka na bado akawa mwongo.

Na kama huna bomba, kuna mtihani usiohitaji kipimo chochote. Pima simu yako, andika. Pima funguo, andika. Pima vyote pamoja. Jumla isipokubali, mizani imejichanganya yenyewe. Halafu chukua kitu kimoja, kiweke katikati, kisha kwenye ukingo wa mbele, wa nyuma, kulia na kushoto. Moja ilisoma 312 katikati na 298 pembeni. Muuzaji akaanza maneno mengi, mshikaji akaanza kusita kwa sababu ilikuwa na rangi nzuri, nikamvuta shati.

Kitu kimoja kilimshangaza yule muuzaji mwenyewe. Nikaweka kikombe, TARE, nikaanza kudondosha maji tone tone. Namba ikakaa sifuri muda mrefu tu, huku maji yanaongezeka. Mizani nyingi za bei ndogo ziko hivyo: kitu kikiongezeka polepole sana zinadhani ni sifuri yao imeteleza, zinakirudisha. Kwa hiyo ukipima chumvi au sukari usinyunyize, weka kwa mkupuo. Tena kwa vitu vya gramu mbili tatu mizani ya jikoni siyo mahali pake.

Kitufe cha UNIT nacho kina visa. Siku moja mtoto wetu yule wa biskuti alikibonyeza, wali wa mama ukawa 6.3, nikadhani mizani imekufa. Kumbe ilihamia aunsi, ambayo moja ni kama gramu 28. Angalia kila mara pembeni ya namba pameandikwa g. Na ile alama ya ml isikuzuge. Mizani haioni ujazo, inakisia tu kwamba umeweka maji. Mafuta ya kula ni mepesi kuliko maji, mililita 100 zake zina kama gramu 92, kwa hiyo hesabu itakwenda kombo.

Ulizia pia inajizima baada ya muda gani. Nyingi hazimalizi dakika mbili bila kuguswa. Unachota, mgeni anapiga hodi, ukirudi imezima na sifuri yako imepotea na sahani ina nusu chakula. Mimi nimeandika uzito wa kila chombo chini yake kwa kalamu ya wino usiofutika. Sahani 540, bakuli 210, sufuria kubwa 830. Ikizima, nawasha, natoa. Na kama muuzaji atakuambia ina muhuri wa serikali, mwambie asikuchekeshe. Mizani zinazohakikiwa na kupigwa chapa na Wakala wa Vipimo ni za biashara. Hii ni ya jikoni kwako. Ukianza kuuzia watu ubuyu kwayo, mimi simo.

Mshikaji akaondoka na moja ya elfu 16. Njiani akaniuliza swali la maana kuliko yote: apime vikiwa vibichi au vimeiva? Jibu langu: chagua kimoja na usihame. Mchele gramu 100 una kama kalori 360. Ukiupika unakunywa maji, unakuwa wali wa gramu 250 mpaka 300, na kalori ni zilezile. Mtu anayepima wali halafu anasoma hesabu za mchele atajiona anakula mara tatu ya alichokula, afe njaa bure. Anayefanya kinyume chake ndiye anayenenepa huku anaapa.

Ugali ndio unaotesa, maana hakuna anayesonga wa mtu mmoja. Sisi napima unga kabla haujaingia kwenye maji, tuseme gramu 600. Ukishaiva napima sufuria nzima na kutoa zile 830. Tuseme umebaki ugali gramu 1,800. Basi kila gramu 300 za ugali zina gramu 100 za unga ndani yake. Kesho ukiwa mgumu zaidi namba zinabadilika, lakini njia ni ileile. Sufuria ya moto usiitue juu ya plastiki: weka kwanza kibao, TARE, ndipo sufuria.

Mafuta yalinifumbua macho kuliko yote. Weka chupa yenyewe ya mafuta juu ya mizani, TARE, iinue, mimina kwenye kikaango kama ulivyozoea, irudishe. Itakuonyesha namba yenye alama ya kutoa. Mimi, kwa mkono wangu mwepesi niliokuwa najisifia, ilinionyesha kutoa 43. Gramu moja ya mafuta ni kalori 9. Piga mwenyewe, mimi nilishapiga nikakaa chini.

Lakini ninyi vijana wenzangu, hasa kina dada mnaotaka kiuno cha picha, tusidanganyane. Mizani hii ni ya kufundisha jicho. Ukifika mahali huwezi kula harusini kwa sababu hukuja nayo, au unaona hatia kwa kipande cha chapati kisichopimwa, ifungie kabatini na ukaongee na mtu. Nimemwona mmoja akifika huko, na hakupendeza hata kidogo.

Mama nilimsimulia kwamba zamani huko Italia kulikuwa na tabibu mmoja, Santorio Santorio, aliyetundika kiti kwenye mizani, akala juu yake, akawa anapima kila kinachoingia na kila kinachotoka mwilini mwake. Alifanya hivyo miaka kama 30, na mwaka 1614 akatoa kitabu. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na aliyekuwa anampikia alisemaje?" Sina jibu mpaka leo.

Sukari yake haijakaa sawasawa, ila mara mbili zilizopita imeshuka. Mizani nimeihamisha, sasa iko juu ya meza, mbali na ukuta, mbali na dirisha. Na siipimi mimi tena. Tangu asubuhi ile ya magoti mama alisema atajipimia mwenyewe, na kweli anajipimia, kwa bakuli, amevaa miwani, anasoma namba kwa sauti kama mtangazaji wa matokeo.

Jumapili iliyopita tulipika pilau. Nilikuwa nimeshajichotea, sahani imejaa, naelekea sebuleni kwenye luninga, nikasikia ananiita.

"We mtoto, rudi. Lete hiyo sahani."

Nikarudi. Akageuza sahani kwa uangalifu akatazama nilichoandika chini yake, 540, akaiweka katikati ya mizani, akainama, akashusha miwani. Pilau peke yake gramu 612.

"Na wewe nani anakupimia?"

Nikachota kijiko kimoja nikarudisha sufuriani. Akaendelea kuniangalia. Nikachota kingine.